Mkono, Macho na Kanda: Vikaragosi vya Watoto kwenye Televisheni

(Hotuba iliyotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya walimu wa skuli za maandalizi, wazazi na vijana wa utangazaji. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Walimu wetu, wazee wetu, vijana wa kamera na maikrofoni, karibuni.

Visiwa hivi vilipata televisheni ya rangi mwaka 1973. Televisheni ya Zanzibar ilikuwa ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara, wakati ndugu zetu wa Tanzania Bara walisubiri mpaka 1994 ndipo vituo vyao vikaanza. Tulitangulia. Sasa niambieni: mtoto wa Wete au wa Makunduchi akitajiwa kikaragosi cha televisheni, kinachomjia kichwani ni cha wapi? Ni cha Marekani. Ni cha Uingereza. Kwa nini?

Jibu tulilolizoea ni fedha. Hatuna fedha, hatuna studio, hatuna mitambo. Leo jibu hilo nalipinga, na nitalipinga kwa historia. Vikaragosi vingi vya televisheni havikuanzia kwenye vituo vikubwa. Vilianzia kwenye vituo vya mji, vya chumba kimoja na kamera moja au mbili, na viliingia hewani kwa sababu hapakuwa na kitu chengine cha bei ndogo cha kujaza muda wa watoto.

Twendeni Pittsburgh, Marekani, mwaka 1954. Kituo cha WQED ndiyo kwanza kinafunguliwa, na ni kituo cha jamii, hakina tangazo la biashara. Kipindi cha watoto kinaitwa The Children's Corner. Mwenyeji mbele ya kamera ni Josie Carey. Nyuma ya pazia yuko kijana anaitwa Fred Rogers, anapiga kinanda na kushughulikia mambo mengine yote. Mpango wenyewe ulikuwa kuonesha filamu fupi walizopata bure. Lakini filamu za bure huwa zimechoka, na zilikatika katikati ya kipindi. Kipindi kiko hewani moja kwa moja, filamu imekatika, utafanya nini? Mkuu wa kituo, bibi Dorothy Daniel, alikuwa amempa Rogers kikaragosi kidogo cha chui milia. Nyuma ya Josie palikuwa na turubai lililochorwa saa. Rogers akapitisha mkono kwenye saa ile, chui milia akachungulia, akaanza kuzungumza na Josie. Akapewa jina la Daniel, na alibaki na Rogers kwa karibu miaka 50.

Angalieni vitu vilivyotumika: turubai, tundu, mkono mmoja, na mtu wa mbele anayejua kusikiliza. Na jengine dogo, ambalo kwa fundi si dogo: viatu vya ngozi vya Rogers vilikuwa vikilia sakafuni alipokimbia kutoka kwenye kikaragosi kwenda kwenye kinanda, na maikrofoni ikavinasa. Akavaa raba. Watu wa dunia nzima walikuja kumjua kwa raba zile bila kujua kwamba asili yake ni sauti. Nanyi mkifanya kazi hii, vueni viatu. Sakafu ya saruji haisamehi kandambili.

Mwaka 1948, kwenye gati la Blackpool, Uingereza, injinia anaitwa Harry Corbett alinunua kikaragosi cha dubu cha kuvaa mkononi kwa shilingi 7 na peni 6. Mwaka 1952 dubu akafika BBC. Dubu yule alikuwa na tatizo la kiufundi: ni wa manjano mwili mzima, na televisheni ilikuwa nyeusi na nyeupe, basi uso wake ukawa hausomeki. Corbett akampaka masizi masikioni na puani. Ikatosha. Dubu akaitwa Sooty, na historia yake ikaendelea hata baada ya Corbett mwenyewe.

Walimu wa maandalizi, nisikilizeni hapa, maana Sooty ndiye mwalimu wenu wa mwanzo. Sooty hasemi. Anamnong'oneza mwenyeji sikioni, mwenyeji anarudia: "Nini? Unasema umekula maandazi yote?" Mdomo hautembei, kwa hiyo hakuna kosa la mdomo. Kitambaa kimoja, kidole cha shahada kichwani, kidole gumba mkono mmoja, kidole cha kati mkono wa pili. Mwalimu yeyote aliyeko ukumbini hapa anaweza kuanza na hicho kesho asubuhi. Kikaragosi cha mdomo kiwe cha baadaye.

Na Chicago? Chicago ndiko fundi wa vikaragosi Burr Tillstrom alikoanza kipindi chake mwaka 1947, kwenye kituo cha mji. Yeye peke yake aliwaendesha vikaragosi wote. Mbele ya jukwaa alisimama mwanamke mmoja, Fran Allison, akizungumza nao. Hapakuwa na maandishi ya kusoma. Waliafikiana kisa kitakwendaje, wakaingia hewani. Fran alipowatazama Kukla na Ollie, vikaragosi wawili wa Tillstrom, aliwatazama kama anavyomtazama mtu. Hilo tu. Jamani, hilo tu! Mwenyeji akimtazama fundi aliyejificha chini badala ya kukitazama kikaragosi machoni, watoto wote watatazama chini pia, na kipindi kimekwisha.

Sasa niingie kwenye mkono na macho. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo kazi inapoharibika.

Mwaka 1955, Washington, kijana wa miaka 18 anaitwa Jim Henson alipewa na kituo cha WRC-TV kipindi cha dakika 5, Sam and Friends. Kwa ajili ya kipindi kile alishona kikaragosi kwa koti kuukuu la mama yake, rangi ya samawati iliyoelekea kijani, na macho akayafanya kwa mpira wa meza uliokatwa nusu kwa nusu. Huyo ni Kermit, yule chura maarufu. Hakuanza kama chura. Uchura ulikuja miaka ya baadaye. Lakini ubunifu mkubwa wa Henson haukuwa koti. Ulikuwa kuondoa jukwaa. Kabla yake vikaragosi wengi walioneshwa ndani ya kijumba chenye pazia, kama uwanjani, kisha kamera ikapiga picha ya kijumba. Henson akasema skrini yenyewe ndiyo kijumba. Fundi anakaa chini ya picha, mkono juu, na mbele yake anaweka televisheni ndogo inayomuonesha kile kile anachokiona mtoto nyumbani.

Kwa nini hilo ni kubwa? Kwa sababu unaliona kosa lako papo hapo. Na makosa ya mwanzo ni yale yale, hapa, Chicago na kwengineko.

La kwanza ni kikaragosi kutazama dari. Mkono ulionyooshwa juu kwa kawaida huinua pua ya kikaragosi. Fundi anadhani anatazama mbele, kumbe mtoto anaona kidevu. Kunja kiganja kuelekea chini zaidi ya unavyodhani inafaa, kisha hakikisha kwenye skrini.

La pili ni kuzama. Mkono unachoka, na kikaragosi kinashuka polepole kama mtu aliyesimama kwenye tope la mikokoni. Fundi hajui, anajua mtazamaji. Dawa yake ni mazoezi tu: dakika 2 mkono juu, pumzika, dakika 3, mpaka ufike dakika 5 bila kushuka. Msiandike onesho la dakika 10 kabla mkono haujaweza 5.

La tatu ni mdomo. Wanaoanza hufumba mdomo wa kikaragosi kwenye sauti badala ya kuufumbua, yaani kama kinatafuna maneno. Mdomo ufumbuke na sauti. Na ufumbuliwe kwa kushusha kidole gumba. Vidole vinne vya juu vitulie. Ukivinyanyua vya juu, kichwa kizima kinapepea na macho ya kikaragosi yanaacha kumtazama mtoto. Kiswahili chetu kinatusaidia sana hapa, wapenzi wangu, kwa sababu silabi zetu nyingi zinaishia na irabu, na kila irabu ni mdomo kufumbuka. Ka-ri-bu-ni: mara nne, na mfumbuo mkubwa uwe kwenye "bu", silabi ya pili kutoka mwisho, pale sauti inapokazwa. Mkisema haraka, achieni ndogo ndogo, bakisheni ile iliyokazwa. Lakini angalieni "m" inayosimama peke yake. M-tu. M-ti. M-to-to. Ile "m" ni silabi, lakini midomo yetu huifumba. Basi na kikaragosi kifumbe, kifumbue kwenye "tu". Vitabu vya ufundi huu vilivyoandikwa kwa Kiingereza havitakwambieni hilo.

La nne ni kushoto na kulia. Skrini ya Henson haigeuzi picha kama kioo. Ukisogeza mkono kulia kwako, kwenye skrini unakwenda upande usioutegemea, na mkono hupotea njia. Vijana wa simu wanajaribu kukwepa kwa kutumia kamera ya mbele, ambayo huonesha picha kama kioo. Msifanye hivyo. Picha yenyewe ni hafifu, na mkono unazoea vibaya. Tumieni kamera ya nyuma, ungeni simu na televisheni kwa waya, muizoee picha iliyo sawa.

Macho sasa. Mpira wa meza una kipenyo cha milimita 40. Kateni kwa wembe kwenye mshono wake. Mboni iwe duara jeusi la milimita 12 hivi, na, hapa ndipo siri ilipo, isikae katikati. Isogezwe kuelekea pua milimita 2 au 3 kila jicho. Mboni zikikaa katikati kabisa, kikaragosi kinaonekana kinatazama mbali, nyuma ya mtoto. Zikisogea ndani kidogo, kinamtazama yeye. Zibandikeni kwanza kwa kanda ya muda, mkae umbali wa mita 2, mtazame, msogeze. Gundi mwisho.

Kichwa ni sponji ya godoro ya unene wa nusu inchi. Ngozi ni blanketi jepesi la mtoto, la mtumba linafaa, maana linavutika na kuficha mshono. Bamba la mdomo likateni kwenye ndoo ya plastiki iliyovunjika au kadibodi ngumu: umbo la yai, upana sentimita 10, urefu 16, lipate kukunjika katikati. Bawaba ya kati ndiyo inayochanika mwanzo kuliko kitu chengine chote. Kwa hiyo msitegemee kadibodi iliyokunjwa. Kateni vipande viwili, viungeni kwa ukanda wa turubai pande zote mbili. Gundi ni ile ya fundi viatu. Pakeni pande zote mbili, subirini dakika 10 mpaka 15, mpaka kidole kikigusa kisinate, ndipo mbandike. Wenye haraka hubandika ikiwa mbichi, na kesho yake mdomo umeachia. Fungueni madirisha, na watoto wasiwe chumbani, moshi wa gundi ile si mzuri kwao. Mikono ya kikaragosi iongozwe na spoki ya baiskeli iliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa.

Na pazia la nyuma? Najua mnataka kutundika kanga. Kanga ni nzuri, lakini kanga yenye nukta ndogo ndogo hutetemeka kwenye skrini, na inashindana na uso. Wekeni kitambaa cha rangi moja nyuma, kanga mkivishe kikaragosi.

Hali ya hewa yetu ni adui wa sponji. Unyevu na jua huigeuza unga, ndani ya miaka michache inadondoka. Vikaragosi wasitiwe kwenye mfuko wa plastiki, jasho litabaki ndani. Watundikwe juu ya kijiti ndani ya mfuko wa pamba, mbali na dirisha, na wakati wa masika watolewe kila baada ya siku chache wapate upepo.

Basi mkono upo na macho yapo. Je, mtoto atakiamini kikaragosi kikikaa pamoja na watu wa kweli? Swali hili liliwasumbua wataalamu wa Sesame Street, kipindi cha watoto cha Marekani, mwaka 1969. Wanasaikolojia walishauri mambo ya kweli na ya kubuni yasichanganywe. Kwa hiyo katika vipindi vya majaribio, mtaani walikuwa watu tu, na vikaragosi walikuwa kwengine. Vikapelekwa kwa watoto wa Philadelphia. Matokeo? Wakiingia vikaragosi, watoto wanatazama. Ikirudi mitaa ya watu peke yao, watoto wanageuka. Wakauweka ushauri kando, Henson akabuni vikaragosi Big Bird na Oscar, wakahamia mtaani kuishi na watu. Ushauri wa kitaalamu ulishindwa na watoto wenyewe, na sifa ni kwa waliokubali kuwatazama watoto. Nanyi jaribuni mbele ya darasa kabla ya kurikodi. Mtu mmoja atazame watoto, asitazame onesho kabisa, aandike ni sekunde gani macho yao yaliondoka.

Mfano wa kusini upo pia. Takalani Sesame ilianza Afrika Kusini mwaka 2000, na mwaka 2002 ikamleta Kami, kikaragosi msichana anayeishi na virusi vya UKIMWI. Tanzania ilipata Kilimani Sesame, kwa Kiswahili, ikawazungumzia watoto malaria. Mazuri hayo. Lakini mtoto wa Pemba ana mnyama ambaye hapatikani pengine popote duniani, popo wa Pemba, anayemuona Kidike amening'inia mchana. Popo anayeishi kichwa chini, anayeuona ulimwengu umepinduka, anauliza kwa nini watu wanatembea kwa vichwa! Kisa kimoja kama hicho mtapata maswali ya mwaka mzima. Unguja wana kima punju wa Jozani. Na mlango wa kuingilia tunao: mwenyeji anaita "Paukwa!", watoto wanajibu "Pakawa!", kikaragosi kinachelewa kujibu. Watoto watakisahihisha kwa furaha, na sasa wamo ndani ya kipindi.

Nifike kwenye jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia: mali na kumbukumbu.

Mwaka 1948 kipindi cha Howdy Doody cha New York kilikuwa kikipendwa na watoto wengi mno. Duka kubwa likataka kuuza midoli ya Howdy. Aliyekitengeneza kikaragosi, Frank Paris, akasema haki ni yake. Hawakuelewana, naye akakichukua kikaragosi chake akaondoka nacho. Kipindi ni cha moja kwa moja, nyota hayupo! Ilibidi watunge kisa kwamba Howdy anagombea urais na amekwenda kupasuliwa ili awe na sura nzuri, wakamuonesha amefungwa bendeji usoni mpaka Velma Dawson alipomaliza kutengeneza mpya. Waliokoka kwa werevu. Lakini nani alikosea? Hakuna karatasi. Sasa nyinyi: nani mwenye umbo, nani mwenye jina, nani mwenye sauti, nani mwenye kisa? Andikeni ukurasa mmoja, mtie saini wote, kabla sponji haijakatwa. Urafiki wenu hautaumia kwa karatasi, utaumia kwa kukosa karatasi siku fedha zitakapokuja.

Na fedha zikija kutoka kwa muuza biskuti? Marekani, wenyeji wa vipindi vya watoto kwenye vituo vya miji walikuwa wakisimama na vikaragosi wao na kuuza bidhaa. Wazazi wakalalamika, kwa haki kabisa, kwamba mtoto hawezi kutofautisha rafiki na muuzaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wenyeji wakazuiwa kuuza, na kwa kuwa vipindi vingi vilikula hapo tu, vikafa kimoja kimoja. Zuio lilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kuishi kwa mfuko mmoja. Kwa rai yangu, kikaragosi chetu kisiuze kitu kamwe. Mfadhili atajwe mwisho, kwa sauti ya mtu.

Na vipindi vyenyewe viko wapi? Vingi havipo. Vya mwanzo vilikwenda hewani moja kwa moja, havikurikodiwa. Kanda ya video ya Ampex ilikuja mwaka 1956, upana inchi 2, ghali sana, na vituo vikarikodi juu ya vya zamani. Sam and Friends, kipindi cha miaka 6, kimebaki vipande vichache. Vikaragosi vyenyewe vimesalia kuliko kazi yao: mwaka 2010 vilikabidhiwa jumba la makumbusho la Smithsonian, Kermit wa koti akiwemo.

Simu zetu zinafanya kosa lile lile, ila kwa haraka zaidi. Nafasi imejaa, futa. Tena mnatuma kwa WhatsApp mnadhani mmehifadhi, kumbe inabana picha na kuacha nakala dhaifu. Faili la asili litolewe kwenye simu kwa waya siku ile ile. Jina lianze na tarehe, mwaka mwanzo, kisha kisa, kisha kituo. Nakala mbili kwenye diski mbili, na diski ya pili ikae nyumba nyengine, si droo nyengine ya chumba kile kile. Kila mwaka zifunguliwe zote mbili zitazamwe kama zinacheza. Pamoja na faili, wekeni maandishi ya kisa na mchoro wa vipande vya kikaragosi kwa vipimo, ili sponji ikioza mtu mwengine aweze kukishona upya.

Meza ziko nyuma ya ukumbi, zimewekwa sponji, mipira ya meza na mabamba ya mdomo yaliyokwisha katwa. Baada ya sala ya adhuhuri tunaanza na kikaragosi kisichosema, na kila mwalimu ataondoka na kimoja. Wenye kutaka cha mdomo wabaki mpaka alasiri, gundi inahitaji muda wake. Viatu acheni mlangoni.

Asanteni sana.